Mzigo, Lodi au Kitwishi? Juu ya Istilahi za Kijitabu cha Kujaribu Betri, Kigoma

Mswada uliotufikia mezani una kurasa chache, nao hauna makuu. Ni kijitabu cha maelekezo kilichofasiriwa kutoka Kiingereza ili kitumiwe na mafundi na walimu wa ufundi wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya ufuko wa Ziwa Tanganyika. Kinaeleza namna ya kuchagua na kutumia kifaa cha kujaribia betri, chaja na paneli za jua. Tuliombwa kuzipitia istilahi zake tu. Kwa kawaida kazi ya namna hiyo humalizika kwa siku mbili tatu: neno hili likubaliwe, lile libadilishwe, mhuri upigwe. Safari hii hatukuweza kupiga mhuri, na yafaa tuwaeleze wasomaji sababu, kwa kuwa makosa tuliyoyakuta si ya mfasiri mmoja. Ni makosa ya desturi yetu sote tunaofasiri maandishi ya ufundi.

Kifaa chenyewe ni sanduku la kukaa juu ya meza ya fundi, lenye kioo cha tarakimu, feni nyuma, na ncha mbili mbele, moja nyekundu na moja nyeusi. Betri ikiunganishwa na ncha hizo, kifaa huvuta umeme kutoka kwenye betri kwa kiasi kile kile alichoamuru fundi, hugeuza umeme huo kuwa joto, na muda wote huandika volti, ampea na saa zilizopita. Zamani kazi hii ilifanywa kwa balbu ya gari, au kwa waya wa pasi uliozamishwa katika ndoo ya maji, na wapo wanaoifanya hivyo hata leo. Tofauti ni kwamba balbu huvuta kadiri ya maumbile yake, hali kifaa huvuta kadiri ya amri. Kwa Kiingereza huitwa mzigo wa kielektroniki, na kile chenye kupokea amri nyingi kwa mfuatano huongezewa sifa ya kuprogramika.

Msomaji wa Dodoma au Dar es Salaam aweza kuuliza: kifaa cha maabara kinatafuta nini Kigoma? Jibu liko Kibirizi na Katonga, wanakoshushia dagaa. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, kwa kuvutwa na mwanga. Kwa miaka mingi mwanga huo ulikuwa wa karabai. Siku hizi taa za LED zinazotumia betri zimeenea, na kila taa ina betri yake inayokwenda ziwani jioni na kurudi alfajiri. Betri ikifa saa sita za usiku, samaki waliokusanyika chini ya mwanga hutawanyika, na gharama za safari hubaki palepale. Asubuhi mvuvi humpelekea fundi betri yake na kumwuliza swali moja tu: hii nzima au mbovu? Fundi akiihukumu vibaya, ama mvuvi hutupa betri iliyo nzima, ama huingia ziwani na iliyokwisha. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, betri zilikaa nje miezi mitatu. Betri ya risasi na asidi ikikaa muda huo bila kujazwa hudhoofika, tena udhaifu wake hauonekani kwa kupima volti peke yake. Hapo ndipo kifaa hiki kina kazi.

Tulichukua mswada tukaenda kuusoma pamoja na watu watakaoutumia, katika chumba cha mafunzo ambacho hatutakitaja. Mezani palikuwa na betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7. Kijitabu cha Kiingereza kinaagiza, kwa ufupi, kwamba fundi achague ampea za kuvutwa, kisha aingize volteji ambayo ikifikiwa kifaa kitakata na kuacha kuvuta. Kwa betri kama ile volteji hiyo ni 10.5, maana chini ya hapo betri huumia. Kiswahili cha mswada kilisomeka hivi: "Weka volteji ya 10.5." Kijana aliyekuwa akisoma aliangalia kifaa, akatafuta mahali pa kuwekea volteji, akapaona. Alibonyeza kitufe cha volteji, akaandika 10.5, akawasha.

Alitii maandishi kwa uaminifu. Lakini kitufe kile ni cha hali nyingine kabisa ya kazi, ambayo ndani yake kifaa hujitahidi kuishusha volteji ya betri mpaka ifikie kiasi kilichoandikwa na kuishikilia hapo. Betri iliyojaa hukaa karibu na volti 12.7, na ukinzani wake wa ndani ni mdogo mno, kwa hiyo ili kuishusha hadi 10.5 kifaa kilianza kuvuta ampea zote kilizoweza. Kifaa kile kilikuwa cha wati 150, na wati 150 kwa volti 10.5 ni ampea zaidi ya 14. Nyaya zilikuwa nyembamba, za kufungia redio. Ganda la plastiki lilianza kulainika na kutoa harufu kabla mwalimu hajasema, "Zima, mwanangu, zima kwanza!" Hakuna aliyeumia. Lakini tangu hapo hatukuweza kuusoma mswada ule kama orodha ya maneno.

Tuseme haki: mfasiri anakijua Kiswahili, na pengine kuliko sisi. Sura yake juu ya usalama wa asidi na gesi ya betri ni nzuri, nayo twapendekeza isiguswe. Alichokosea ni kuliangalia nomino la Kiingereza na kulitafutia nomino la Kiswahili, bila kuuliza kifaa hufanya nini na betri hufanywa nini. "Volteji ya kukata" alikwisha kuitaja mara mbili katika sura ya kwanza. Alipofika kwenye maagizo akaona kwamba neno "kukata" linarudiwa mno, akaliondoa kwa ajili ya uzuri wa sentensi. Katika insha hiyo ni sifa. Katika maagizo ya kifaa, neno moja likishakubaliwa halina budi kurudiwa mpaka lichoshe.

Turudi sasa kwenye jina la kifaa, ambalo ndilo tuliloulizwa.

Mswada unakiita "kifaa cha mzigo wa kielektroniki kinachoweza kuprogramiwa". Maneno ni saba, na fundi hawezi kuyatamka yote akiwa na koleo mkononi. Kwa hiyo mswada wenyewe, kuanzia ukurasa wa pili, unafupisha na kusema "mzigo" tu. Hapo taabu huanza. "Ongeza mzigo" maana yake ni kuongeza ampea, au kuunganisha kifaa cha pili? "Mzigo umepata joto" ni betri, taa au sanduku? Kifaa tulichokiona kilikuwa kimepokewa kama kifurushi cha basi, na hati yake ya kupokelea ilisema: mzigo 1, ndani yake mzigo 1. Karani hakukosea hata kidogo.

Wapo wenzetu waliosema neno "mzigo" litupwe, kwa sababu humfanya mwanafunzi afikirie kilo. Hatukubaliani nao. Kwanza, hata "load" ya Waingereza haikuanza na umeme; katika Kiingereza cha kale ilimaanisha njia na safari, ikaja ikamaanisha kinachobebwa safarini, na mwisho ikaazimwa na wahandisi. Ikiwa wao waliazima, na sisi tunaweza. Pili, ni vigumu kupata mahali katika Tanzania panapostahili zaidi kuazimwa neno hilo kuliko Ujiji. Huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Mji mzima uliishi kwa mizigo. Kiswahili cha misafara kilikuwa na mtumba wa mpagazi, robota la nguo, mzega wa kuning'iniza begani, na shehena ya chomboni. Lugha yenye utajiri huo haina sababu ya kuona haya mbele ya neno moja la umeme.

Utajiri huo pia unatufundisha jambo ambalo mswada umelipoteza, nalo ni nani anabeba nini. Katika mzunguko wa umeme, mpagazi ni betri. Ampea zinazotakiwa ndizo mzigo wake. Sanduku lililo juu ya meza si mpagazi wala si mzigo. Ni yule anayemtwika mpagazi. Mswada unaposema "mzigo hubeba mkondo wa ampea 5" umegeuza mambo juu chini, na mwanafunzi anayefikiri sawasawa atachanganyikiwa zaidi kuliko yule asiyefikiri.

Basi tunapendekeza kifaa kiitwe kitwishi, wingi vitwishi, kutokana na kutwisha, yaani kutwika, kumwekea mtu mzigo kichwani. Umbo lake ni la kawaida: tunacho kiunganishi kutokana na kuunganisha, na kirutubishi kutokana na kurutubisha. Neno "mzigo" libaki na maana yake moja, kiasi kinachotakiwa kwa chanzo cha umeme, kama vile mzigo wa ampea 5 au mzigo wa wati 60. Kuwasha kitwishi ni kutwika mzigo; kuuondoa ni kuutua. Fundi mmoja mzee wa Mwanga, tulipomsomea sentensi "tua mzigo kabla ya kufungua nyaya", alisema, "Hiyo sawa. Hata mtu hufunguliwi kanga kichwani mzigo ungalipo." Kwa upande wa ufundi pia ni sawa, kwa sababu kufungua waya unaopitisha ampea nyingi hutoa cheche, na betri inayotoka kujazwa huwa na gesi inayoshika moto.

Tulifikiria pia kipagazi, kutokana na kupagaza. Tuliliacha haraka: kitenzi chake jirani ni kupagawa, na hatukutaka chumba cha mafunzo kigeuke kilinge.

Pendekezo jingine lilikuwa zito zaidi, nalo lilitoka kwa mwalimu mmoja wa fizikia. Alisema watu hawasemi kamwe kwamba jiko limeibebesha mita mzigo. Husema jiko hili linakula umeme. Kwa nini kifaa kisiitwe mlaji, au kilaumeme? Hoja hii ina nguvu, na katika mazungumzo ya nyumbani ndiyo itakayoshinda daima. Lakini kula humaanisha jumla iliyotumika, ile inayolipiwa kwa uniti mwisho wa mwezi. Fundi anahitaji neno la wakati uleule: sasa hivi betri imetwikwa kiasi gani, na inastahimili? Betri nzima na betri mbovu zaweza "kuliwa" umeme sawa kwa dakika tano. Tofauti yao huonekana katika kuinama: mbovu volti zake huporomoka mara tu zinapotwikwa. Taswira ya mzigo inalionyesha hilo, ile ya ulaji hailionyeshi.

Na "lodi"? Mafundi wengi wa mjini husema lodi, nasi hatuna nia ya kuwakataza. Baraza halina polisi. Tunakumbuka jinsi "tarakilishi" ilivyotetewa kwa hoja nzuri sana, na watu wakaendelea kusema kompyuta. Tunakumbuka vilevile kwamba "kishikwambi", neno lililochekwa lilipozaliwa, lilisambaa nchi nzima wakati wa Sensa ya mwaka 2022 kwa sababu karani wa sensa alikuwa nacho mkononi. Kitwishi kitaishi ikiwa kitaandikwa katika vijitabu vinavyofuatana na vifaa. Kikiandikwa katika jarida hili peke yake kitakufa. Hatuoni aibu kulisema hilo.

Kuna sababu nyingine ya kutolichukua neno la kigeni papo hapo, nayo inaonekana zaidi ufukoni kuliko mahali pengine. Boti za Kibirizi huvuka kwenda Kongo na Burundi, na mafundi wa ng'ambo, wa Uvira au Kalemie, wamefundishwa kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa neno moja lilelile hutumika kwa mzigo wa umeme na kwa kule kujaza betri, ambako sisi tumekwisha kukuita kuchaji. Fundi wa Kigoma akisema lodi na wa Uvira akisema sharji, mmoja anazungumzia kutoa umeme na mwingine aweza kudhaniwa anazungumzia kuutia. Kutwika na kujaza ni maneno ambayo pande zote mbili za ziwa wanayaelewa bila kamusi.

Tumelisema jina kwa kirefu. Hali nne za kazi ya kitwishi, ambazo kwa kweli ni hatari zaidi, mswada unazipitia kwa nusu ukurasa. Kitwishi huweza kushikilia kitu kimoja kati ya vinne na kuviacha vingine vibadilike: mkondo, volteji, ukinzani, au nguvu. Kwa hali ya kwanza mfasiri ameandika "mkondo wa moja kwa moja". Lakini hilo ndilo jina ambalo wanafunzi walikwisha kufundishwa kwa umeme wa betri, ule usiogeuka upande, ambao walimu wengine huuita mkondo mnyoofu. Kila mkondo utokao kwenye betri ni wa moja kwa moja kwa maana hiyo! Mwanafunzi anayeambiwa achague "mkondo wa moja kwa moja" anaona kwamba hakuna la kuchagua, huiacha swichi ilipo, na jaribio hufanyika katika hali yoyote iliyoachwa na mtu wa jana. Tunapendekeza mkondo thabiti, volteji thabiti, ukinzani thabiti na nguvu thabiti. Na neno "moja kwa moja" lisionekane tena mahali popote katika kijitabu.

Uchaguzi wa hali si jambo la majina tu. Ukitaka kujua betri ina ampea-saa ngapi, tumia mkondo thabiti: betri ya ampea-saa 7 hutwikwa kwa kawaida ampea 0.35, na ikiwa mpya hustahimili saa 20 kabla ya kufika 10.5. Ukiitwika ampea 7 haitastahimili saa nzima, wala hilo si dalili ya ubovu. Ndivyo betri ya risasi ilivyo. Lakini ukitaka kujua taa ya mvuvi itawaka mpaka saa ngapi, mkondo thabiti utakudanganya kidogo. Taa nyingi za LED zina saketi ndani inayolinda mwanga usipungue. Taa ya wati 12 huchukua ampea 0.95 betri ikiwa na volti 12.6, na volti zikishuka hadi 10.8 huchukua ampea 1.11. Yaani kadiri betri inavyochoka ndivyo taa inavyoitwika zaidi, na mwisho huja ghafla, kama wavuvi wanavyojua. Jaribio lake ni la nguvu thabiti. Volteji thabiti nayo ina mahali pake, kwa mfano katika kujaribu paneli ya jua, ambayo mkondo wake una kikomo. Kwa betri isitumike kamwe, na kijitabu lazima kiseme hivyo kwa herufi nene.

Hapa neno "nguvu" linatutia katika mashaka ya zamani. Kwa wati tunasema nguvu. Mtu wa kawaida husema umeme hauna nguvu akimaanisha volti ziko chini. Na mswada katika kurasa mbili mfululizo umetumia "uwezo" kwa wati za kitwishi na kwa ampea-saa za betri. Tunashauri wati ziwe nguvu, na ampea-saa ziwe ujazo. Tunajua kwamba ujazo hutumika kwa lita. Lakini kila mvuvi husema betri imejaa au haijajaa, na hakuna atakayedhani tunazungumzia lita za asidi.

Mambo mengine ni madogo, ila yanachekesha kidogo na yataleta hasara kubwa. "Upimaji wa benchi" utaeleweka kuwa ni kupima benchi la kukalia. Iwe majaribio ya mezani. Na hapo tutenganishe kupima na kujaribu: mita hupima, kitwishi hujaribu. Bati lenye mbawa linaloondoa joto limeitwa "sinki la joto"; sinki ni la kuoshea vyombo, na kipoza joto kinatosha. "Hisia za mbali" ni jina lililopewa jozi ya nyaya nyembamba zinazotoka kwenye betri moja kwa moja hadi sehemu ya kitwishi inayosoma volti. Hakuna hisia hapo wala umbali. Kazi yake ni kubwa, maana nyaya nene zinazopitisha mkondo zikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, kwa ampea 5 hupoteza nusu volti njiani. Betri ikiwa na 11.0 kitwishi husoma 10.5 na kukata mapema, na betri nzima ikaitwa mbovu. Ziitwe nyaya za kusomea volti. Onyo la "usibadilishe ncha" lilieleweka na wote chumbani kuwa wasinunue ncha mpya, kumbe lilikusudia wasipishanishe chanya na hasi. Katika vitwishi vingi ncha zikipishanishwa mkondo hupita ndani bila kuzuiwa na chochote. Liandikwe: "Nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi, usizipishanishe."

Kwa jambo moja mswada umetushinda na tunaukubali. Pale Kiingereza kinapozungumzia kinga dhidi ya mzigo uliopita kiasi, mfasiri ameandika "kinga ya kuzidiwa". Hakulitaja neno mzigo kabisa. Ndivyo wanavyosema watu: transfoma imezidiwa. Kigoma waliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya kufikiwa na gridi ya taifa, na jenereta kuzidiwa halikuwa jambo la vitabuni. Vivyo hivyo hatukufasiri kwa neno mzigo ile hali ya kuwakatia watu umeme kwa zamu. Tulisema mgawo, tukatazama jambo kwa upande wa anayegawiwa. Maneno hayo mawili yalipatikana bila kikao.

Limebaki suala la ununuzi, ambalo linawahusu watumishi wa ofisi kuliko mafundi. Sura ya mwisho ya mswada ni mfano wa maelezo ya zabuni, na imeandika "kiwango cha juu: volti 150, ampea 30, wati 150". Ofisa anayesoma atadhani kitwishi hicho huvuta ampea 30 kwa volti 150. Hesabu yake ingekuwa wati 4,500, na sanduku lingeyeyuka. Maana ni kwamba mipaka yote mitatu hufanya kazi pamoja, na unaofikiwa kwanza ndio unaotawala. Kwa betri ya volti 12 kitwishi hicho hakipiti ampea 12.5. Chuo kinachotaka kujaribu betri za magari kwa ampea 20 kinahitaji wati 240 au zaidi, na kikinunua kwa kuangalia ampea peke yake kitapata kisichofaa. Tunapendekeza neno mpaka badala ya "kiwango cha juu", na baada ya tarakimu hizo iongezwe sentensi moja ya kueleza tuliyoyasema. Vilevile kila mpaka wa chini utajwe, kwa kuwa vitwishi vingi haviwezi kuvuta ampea zao zote volti zikiwa karibu na 1, na anayejaribu seli mojamoja atashangaa.

"Kinachoweza kuprogramiwa" katika zabuni ni mtego mwingine. Sokoni sifa hiyo hupewa kifaa chochote chenye vitufe vya tarakimu. Wengine huipa kile kinachopokea amri kutoka kwenye kompyuta. Wengine kile kinachoweza kupangiwa ratiba: twika ampea 2 kwa saa 3, tua dakika 10, twika ampea 4, na kuendelea, kama usiku wa mvuvi ulivyo. Bei zake hazilingani. Kwa hiyo hatukutaka istilahi moja. Tumeandika kitwishi cha vitufe, kitwishi cha kuamriwa kwa kompyuta, na kitwishi cha ratiba. Anayetaka sifa mbili aziandike zote mbili. Mwenzetu mmoja wa idarani analalamika kwamba hii ni maelezo, si istilahi. Huenda. Lakini mwuzaji hataweza kuleta cha kwanza akalipwa bei ya cha tatu.

Mswada umerudishwa kwa mfasiri pamoja na mapendekezo haya, na ameomba nafasi ya kuyasoma tena na mafundi wa Ujiji wakati wa mbalamwezi, maana siku hizo boti nyingi hupumzika na betri zote ziko nchi kavu. Kwa mkondo thabiti, mafundi wawili walituambia wangependelea "mkondo shikizi", kwa sababu kitwishi huushikilia. Hatujaamua. Wasomaji wanaofundisha umeme na wenye neno jingine, hasa wa ufuko wa kusini, Kirando na Kasanga, walete kabla ya kikao cha istilahi kijacho.